MCHEZO WA KUIGIZA SI MCHEZO

Ndugu wanachama, kila tunapotangaza matawini kwamba vijana wabaki baada ya mkutano tuandae mchezo wa kuigiza, wapo wazee wanaocheka. Husema: "Haya, watoto wabaki wacheze, sisi watu wazima twende tukazungumze mambo ya maana." Hatuwalaumu. Lugha yenyewe imetutega, maana neno hili mchezo twalitumia kwa mpira, kwa bao, kwa watoto wanaopika mchanga katika vifuu, na tena kwa kazi hii ambayo serikali nyingi duniani zimeitungia sheria, zimeitoza faini, na kuwaweka watu kizuizini kwa ajili yake. Hatujapata kusikia serikali iliyomweka mtu kizuizini kwa sababu ya kucheza bao.

Basi leo tumeona yafaa tueleze mchezo wa kuigiza ni kitu gani, umetoka wapi, unafanywaje, na kwa nini chama chetu hakina sababu ya kuuogopa. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, kwa maana haifai kumkosoa jirani huku umeficha lako uvunguni.

ASILI YAKE NI KWETU PIA

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao Fasihi na Sanaa za Maonyesho cha mwaka 1976, walieleza kwamba maonyesho yanataka mambo manne: jambo linalotendwa, mtu wa kulitenda, uwanja wa kulitendea, na watazamaji. Hakuna mahali waliposema lazima pawe na pazia jekundu, viti vya kukunja na tikiti mlangoni. Kwa kipimo hicho, bibi anayesema "Paukwa" naye akajibiwa "Pakawa", kisha akabadili sauti akawa fisi, akabadili tena akawa sungura, yuko kazini. Makungwi wanaowafundisha wali mambo ya utu uzima kwa kuigiza wako kazini. Vikundi vya beni vilivyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, wakavaa kama maofisa wa Kizungu, wakapanga vyeo vya kijeshi na kupiga tarumbeta, navyo vilikuwa kazini. Mzungu aliyepita akidhani anaigwa kwa kustahiwa, pengine hakujua kwamba pembeni watu wanacheka.

Lakini tuliposomeshwa tuliambiwa ati hatuna kitu hicho. Tulifundishwa kwamba mchezo wa kuigiza ni wa jukwaani, kwa lugha ya kigeni, mbele ya mgeni rasmi. Jijini Nairobi, Jumba la Taifa la Michezo lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari ya kuwasaka wapigania ardhi. Jumba liliitwa la taifa, na taifa lenyewe lilikuwa limezungushiwa seng'enge.

Hata hivyo, hatutaki mtu atoke hapa akisema kila kilichotoka ng'ambo ni sumu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar wa Shakespeare kikachapwa mwaka 1963, akakirekebisha kuwa Juliasi Kaizari mwaka 1969, na mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Alionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mzigo wowote. Sisi tunaona na jambo jingine. Kiongozi wa nchi, akiwa madarakani, aliketi akatafsiri mchezo unaohusu mtawala anayeuawa na marafiki zake. Hakuogopa wananchi wake wasome habari hiyo. Wangapi leo, wenye vyeo vidogo kuliko chake, wangeithubutu?

KIONGOZI ALIKETI MBELE

Twende kwanza Athens, mji wa Wagiriki wa kale, kwa kuwa huko ndiko vitabu vingi vya Ulaya huanzia. Huko michezo ilionyeshwa katika sikukuu ya mungu wao Dionysus, kilimani, mchana kweupe, mbele ya maelfu ya watu. Haikuwa starehe ya wachache. Ilikuwa kazi ya mji mzima, na waandishi walishindanishwa.

Karibu mwaka 493 kabla ya Kristo mwandishi aitwaye Phrynichus alionyesha jinsi Miletus, mji wa ndugu zao, ulivyotekwa na Waajemi. Watazamaji wote walilia. Kisha wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha msiba wao, na mchezo ule ukapigwa marufuku. Hiyo ndiyo faini ya kwanza tunayoijua katika historia ya kazi hii, na haikutozwa kwa uwongo. Ilitozwa kwa sababu ya ukweli uliouma.

Lakini mji huo huo, mwaka 424 kabla ya Kristo, ulimwachia mwandishi Aristophanes afanye jambo kubwa zaidi. Alitunga mchezo uitwao Wapanda Farasi. Ndani yake, wananchi wa Athens ni mzee mmoja mwenye nyumba, na kiongozi mkubwa wa wakati ule, Cleon, ni mtumwa wake mgeni anayemsifu bwana wake asubuhi na jioni huku akimwibia chakula. Cleon mwenyewe alikuwa hai, yuko madarakani, na alikuwa amepewa heshima ya kukaa viti vya mbele. Mchezo ulipata zawadi ya kwanza. Mwaka ule ule wananchi wakamchagua Cleon kuwa jemadari. Hebu tulitafakari hili, ndugu. Walimcheka, wakamtazama vizuri, kisha wakamchagua wakiwa wanajua wanamchagua nani. Mji haukuanguka kwa kicheko.

Tusiwapambe Wagiriki kupita kiasi. Demokrasi yao ilikuwa ya wanaume huru tu, watumwa walikuwa tele, na hata nafasi za wanawake jukwaani zilichezwa na wanaume. Somo lao ni moja: kiongozi aliketi mbele, akajiona.

Waingereza waliotutawala walikuwa na desturi nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1737, mchezo mpya wa kuonyeshwa hadharani ulipaswa kwanza kupelekwa kwa ofisa wa nyumba ya Mfalme ausome, akate asichokipenda, ndipo autoe. Utaratibu huo ulikaa mpaka mwaka 1968. Hao ndio waliokuwa wakitufundisha uhuru wa mawazo.

FAINI ZA WAKOLONI, NA ZA KWETU

Nchini Nigeria alikuwako Hubert Ogunde, aliyeacha kazi ya upolisi akawa mtunzi na kiongozi wa kikundi cha kuigiza. Wafanyakazi wa nchi ile walipogoma mwaka 1945, yeye alitoa mchezo juu ya mgomo na njaa. Mwezi Novemba 1949 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi wachimba makaa ya mawe huko Enugu, wakaua watu 21. Mwaka 1950 Ogunde alitoa mchezo aliouita Mkate na Risasi. Wakoloni walimtoza faini na kuizuia michezo yake katika miji ya kaskazini. Hilo halitushangazi. Mkoloni hakuwa na sababu ya kumpenda.

Kinachotuuma ni kilichofuata. Nigeria ilipata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1964 Ogunde alitoa mchezo wa kuwataka watu wake wa Yoruba wafikiri juu ya magomvi ya viongozi wao. Serikali ya Jimbo la Magharibi, serikali ya Waafrika, ikakipiga marufuku kikundi chake jimboni humo, na marufuku haikuondolewa mpaka mwaka 1966.

Habari ya jirani zetu wa Kenya nayo yafaa ikumbukwe. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wakulima, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani walijenga uwanja wao wa kuigizia kwa mikono yao. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mchezo kwa Kigikuyu, nao wanakijiji wakausahihisha: hapa vibarua hawasemi hivi, hapa sherehe haifanywi hivi. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Watu walimiminika kwa miguu na kwa mabasi. Katikati ya Novemba kibali kilifutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 polisi wakaubomoa ule uwanja wa wanakijiji. Na serikali iliyofanya hayo ilikuwa na bendera yake yenyewe na wimbo wake yenyewe.

Twayaeleza haya si kwa kuwasema majirani. Twayaeleza kwa sababu ugonjwa wa kuogopa kioo hauchagui rangi wala bendera. Nyumbani kwetu hatujabomoa uwanja wa mtu, lakini tumepata njia yetu ya kimya kimya ya kuubomoa mchezo. Nayo ni kuugeuza kuwa wimbo wa kupokea wageni.

KASUKU WA TAWI

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea nchi nzima. Bingwa wake alikuwa Mathias Mnyampala. Mwanzoni zilikuwa na moto: mjinga akabishana na mwerevu mpaka akajua. Lakini baadaye, mashuleni na matawini, ubishi wenyewe ulikufa. Mtu wa kwanza akauliza swali ambalo jibu lake linajulikana, wa pili akalijibu, na wote wawili wakamgeukia mgeni rasmi wakainama. Huyo si mwigizaji. Huyo ni kasuku aliyevishwa sare.

Sasa tueleze kosa letu. Katika wilaya moja tuliandaa na vijana mchezo juu ya ununuzi wa mazao. Mkulima analeta gunia lake, karani anapima kwa mizani ya kuning'iniza, anataja kilo, mkulima analalamika. Tulikuwa tumeufanyia mazoezi juma zima na tukajiona mabingwa. Tulipofika pale penye kupima, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa chini mstari wa mbele alisimama akasema kwa sauti: "Sivyo hivyo, mwanangu! Goti! Karani anaweka goti chini ya gunia!" Akaingia uwanjani, akamsogeza kijana wetu, akashika gunia, akainua goti lake taratibu chini yake huku uso wake ukitazama mizani kwa upole kama mtu mwaminifu. Watu walicheka, kisha wakanyamaza. Kimya kile hatujakisahau. Watu mia mbili walikuwa wameona kwa mara ya kwanza, hadharani, jambo ambalo kila mmoja alikuwa amelijua peke yake.

Usiku ule kiongozi mmoja alituita. Hakufoka. Alisema kazi yetu ni njema, ila sehemu ya goti inaweza kuleta maneno, na kwamba juma lijalo tungekuwa na wageni. Tukaitikia. Kijiji cha pili tukaonyesha mchezo bila goti. Watu walipiga makofi ya adabu, wakaenda zao. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyebaki kuzungumza. Tulikuwa tumeuua mchezo kwa mikono yetu, na hatukuwa tumeamrishwa. Tuliombwa tu, tukakubali.

Wako wenzetu watakaosema: mkionyesha makosa ya nyumbani, maadui watayatumia. Twajibu kwamba adui anayajua tayari, na mwananchi anayajua zaidi kwa sababu ndiye aliyeibiwa. Asiyeyajua ni kiongozi wa juu peke yake, kwa kuwa kila akija anakuta nyimbo.

Wengine watasema tutavunja umoja. Hao tunawaomba wasome Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, uliotoka mwaka 1969. Mchezo huo unahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Kinjeketile anaziunganisha kabila zilizokuwa zikichukiana, na anawataka wangoje wajitayarishe. Lakini watu wamekwisha kuyaamini maji kuliko wanavyomsikiliza aliyeyaleta, na wanaondoka kwenda kupigana na bunduki za Wajerumani. Hussein anauheshimu umoja wao, wala hawacheki. Lakini anatuuliza swali gumu: itakuwaje watu wakiungana juu ya neno ambalo hakuna tena awezaye kulihoji? Umoja wa kunyamaza ni umoja wa maji yale.

KAZI YENYEWE INAVYOFANYWA

Tusiishie katika maneno. Mchezo una ufundi wake kama ulivyo useremala, na mtu hujifunza. Tunayoyajua tunawapa.

Kwanza, chagueni jambo moja, dogo, la hapo hapo. Msiigize ukoloni mamboleo wote kwa saa moja. Igizeni gunia moja. Mnaposema jambo moja kwa ukamilifu, mtazamaji atajaza mengine mwenyewe.

Pili, kila mtu aliyemo uwanjani awe anataka kitu, na awepo anayemzuia. Mkulima anataka ada ya mtoto leo, karani anataka afunge kituo mapema. Hapo pana mchezo. Mkiwa na watu wawili wanaokubaliana kila jambo, mna hotuba iliyogawanywa. Na yule mbaya mpeni sababu zake. Karani naye ana watoto. Mkimfanya shetani, makarani waliokuja kutazama watasema, "Huyo si mimi."

Tatu, mwigizaji asionyeshe hisia, afanye kazi. Kijana akiambiwa aigize njaa hushika tumbo akakunja uso. Mwambieni badala yake ahesabu punje za mahindi, agawe kwa watoto wanne, arudie kuhesabu. Watazamaji wataiona njaa wenyewe.

Nne, sauti. Nje hakuna kuta za kuirudisha. Semeni kwa tumbo, si kwa koo, na mseme kwa mtu wa mwisho aliyesimama chini ya mwembe. Watu wakikaa duara, geukeni, asiwepo anayetazama mgongo muda wote.

Tano, vifaa. Msikope fedha za tawi kununulia maleba. Kanga, jembe, kofia na daftari la karani vinatosha. Lakini kifaa mnachokitumia kiwe cha kweli. Gunia lijazwe, liwe zito, maana mwili husema uwongo ukibeba gunia tupu na kila mkulima atauona.

Sita, awepo mtu mmoja asiyeigiza, akae mbali atazame na kuwaongoza wengine. Hakuna awezaye kujiona kisogo.

Saba, na hili ndilo kubwa, mchezo usiishe mchezo ukiisha. Waalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina huyo huyo, akijulikana pia kwa jina la Mlama, walifanya kazi kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Hawakwenda na mchezo mfukoni. Waliwauliza wanakijiji shida zao, kama vile wasichana wanaopata mimba shuleni, wakazitunga pamoja nao kwa ngoma na maigizo, kisha wote wakakaa wakajadili la kufanya. Njia hiyo haitaki jumba. Inataka masikio.

Atauliza mtu: ya nini haya yote, na siku hizi kijana anaweza kurekodi kichekesho kwa simu kikaonwa na maelfu? Hatuichukii simu. Lakini kioo cha simu hakiwezi kusikia mtu akipiga kelele, "Goti!" Hakiwezi kumsogeza karani wa uwongo kando, kumpisha mama aliyeibiwa aonyeshe jinsi alivyoibiwa.

TUNALOLITAKA

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunaomba yajadiliwe matawini kabla ya mkutano wa wilaya. Kila tawi liwe na kikundi chake cha kuigiza chenye wazee na vijana, wanawake na wanaume, na kipewe saa nzima katika mkutano, si zile dakika za kumngoja mgeni aliyechelewa. Asiwepo kiongozi wa kuusoma mchezo mapema ili akate. Mwenye la kusema aseme baada ya kuuona, mbele ya watu, kama wengine. Na kiongozi aliyealikwa akae mbele, asiondoke mpaka mazungumzo yaishe.

Sisi wenyewe tumekwisha amua. Msimu wa mazao unakuja, nasi tunarudi katika wilaya ile ile na gunia lile lile, limejaa. Yule mama tumekwenda kumwomba aigize karani. Amekubali, kwa sharti moja: tusimwambie aliondoe goti.